Mashine ya Kukatia na Mkeka Wake: Je, Yawezekana Bila?

Tangu mikeka miwili ya mashine yetu ya kukatia iache kunata, chama chetu kimegawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza yasema mashine ifungiwe kabatini hadi fedha za mikeka mipya zipatikane. Kambi ya pili yasema ati mkeka ni pambo tu, tutie karatasi yoyote na tukate, mambo yaishe. Wakati huohuo Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka wa 2021 iwe ikiadhimishwa kila tarehe 7 Julai, haitungoji tumalize kubishana. Herufi za ukutani zinatakikana, na mwalimu mlezi amekwisha sema hataki kuona herufi zilizochorwa kwa mkono na kupakwa rangi nusunusu kama za mwaka uliopita.

Kwa kuwa mimi ndiye mtunza vifaa wa chama, nimeombwa niandike somo hili. Nautoa msimamo wangu mapema ili asije mtu akasema nimemzungusha: kila kambi ina nusu ya ukweli. Kuna vitu ambavyo mashine hukata vizuri kabisa bila mkeka, na kuna vingine ambavyo ukithubutu utaharibu karatasi, wembe na hata mashine yenyewe. Kinachoamua ni swali moja dogo: mkeka ulikuwa ukifanya kazi gani?

Hebu kwanza tuitazame mashine. Yetu ni Silhouette Cameo, ndefu kiasi cha printa mbili zilizowekwa ubavu kwa ubavu, na upana wake wa kukata ni inchi 12, yaani sentimita 30.5. Ndani yake mna kichwa kilichoshika wembe mdogo, ncha yake haifiki hata ncha ya kalamu. Kichwa huenda kushoto na kulia tu. Hakijui kwenda mbele wala nyuma. Anayekwenda mbele na nyuma ni karatasi, ikivutwa na rola zinazoibana kwenye kingo zake. Mienendo hii miwili ikitokea kwa wakati mmoja ndipo mduara wa herufi O unapozaliwa. Wembe nao hausukumwi na mota ili ugeuke. Hujizungukia wenyewe kufuata njia, kama vile gurudumu la mbele la toroli ya supamaketi.

Basi karatasi yenyewe hukimbia huku na huko chini ya wembe. Kumbuka hilo, kwa maana ndilo shina la mambo yote.

Mkeka ni plastiki ngumu kiasi, iliyopakwa gundi upande mmoja. Kazi yake ya kwanza ni kuishika karatasi isikunjamane inapokimbizwa. Ya pili, ambayo wengi huisahau, ni kuvishika vipande vilivyokwisha katwa. Fikiria herufi O: tumbo lake likishakatwa halishikwi na chochote. Mashine inaporudi nyuma, tumbo lile huinuka, wembe hulikwaruza, na mara moja herufi yote imeraruka. Ya tatu ni kuupokea wembe unapopenya, ili usikwaruze kanda iliyo chini yake ndani ya mashine. Mkeka haukati kitu. Unashika, na unapokea.

Sasa basi, kama kuna kitu kingine kiwezacho kushika na kupokea, mkeka wa nini?

Swali hili si langu. Nililisikia kwa fundi mmoja jijini Nairobi, katika karakana ya kubandika maandishi kwenye matatu. Kila mtu aliyepanda matatu ya Nairobi ameyaona maandishi yale: majina ya wanamuziki, ya wachezaji wa mpira, hata ya nabii, yamebandikwa kioo cha nyuma kwa rangi za kuchoma macho. Mengi yake hukatwa kwa mashine iliyo kaka mkubwa wa hii yetu, imesimama kwa miguu yake, na wao huiita plota. Nilipomuuliza mkeka wake uko wapi, alicheka. "Mkeka wa nini tena, kijana wangu? Hii stika iko na mgongo wake." Akaniambua kipande nikione.

Na kweli, ukichunguza asili ya mashine hizi, mkeka ni mgeni. Babu yao ni mashine za kuchora kwa kompyuta. Mojawapo ya zile za mwanzo kabisa ilikuwa CalComp 565, iliyotoka Marekani mwaka wa 1959. Karatasi yake ilizungushwa kwa pipa mbele na nyuma, na kalamu ikaenda kushoto na kulia. Ni mwendo uleule wa mashine yetu, ila badala ya wembe kulikuwa na kalamu, na mkeka haukuwapo kwa sababu karatasi iliyochorwa hubaki nzima. Baadaye watengenezaji wa vibao vya maduka wakaitia wembe na kuilisha stika. Mkeka ulikuja na mashine ndogo za nyumbani, kwa sababu watu wa nyumbani walitaka kukata karatasi tupu, kadi za harusi, vitambaa na kila kitu.

Turudi kwa "mgongo" aliousema fundi. Stika hizo, ambazo mafundi huziita vinaili, ni tabaka mbili. Juu ni plastiki nyembamba sana, aghalabu kama milimita 0.08 hivi, yenye gundi chini yake. Chini ya gundi kuna karatasi nene zaidi iliyopakwa silikoni ili gundi isiishike mno. Wembe ukipimwa vizuri hukata plastiki ya juu peke yake na kuiacha ile karatasi ya mgongo nzima. Tumbo la O hubaki limekaa pale pale, maana gundi yake mwenyewe imelishika. Wembe nao umepokewa na karatasi ya mgongo. Kazi zote tatu za mkeka zimefanywa. Stika huja na mkeka wake mgongoni, kama kobe na nyumba yake.

(Hapa niingize neno la sarufi kidogo, mwalimu asije akasema jarida la Chama cha Kiswahili limekuwa jarida la mafundi. Tukimaliza kukata, huondoa sehemu tusizozitaka kwa kibano na sindano. Nimesikia wenzangu wakisema "kutoa stika". Jamani! Kiswahili kina kauli ya kutendua: funga, fungua, ziba, zibua, bandika, bandua. Herufi ikishakaa ukutani na ukaiondoa, umeibandua. Ngozi nyembamba inayotoka juu ya mgongo, hiyo unaiambua. Na kuondoa yasiyotakikana ili yatakikanayo yabaki, sisi tumekubaliana kukuita kupalilia, kwa sababu ndivyo tufanyavyo shambani.)

Sasa vitendo. Katika programu ya kompyuta, mahali pa kuchagua mkeka, chagua kwamba hakuna. Usipofanya hivyo, kompyuta itaendelea kuhesabu ukingo wa mkeka usiokuwapo, na herufi ya kwanza itaangukia mahali usipopataka. Stika iwe pana vya kutosha kufikia rola zote mbili. Ikiwa ni ya ukubwa wa A4, ambayo ina upana wa sentimita 21, isogeze rola ya kulia hadi ikutane na ukingo wake. Rola inayobana hewa haivuti chochote.

Halafu acha ukingo. Mkeka ukiwapo, rola hukanyaga kingo za mkeka. Usipokuwapo zinaikanyaga stika yenyewe, na zikipita juu ya mahali palipokwisha katwa huweza kuinua ncha. Mimi huacha sentimita 2 kila upande. Katika roli ya sentimita 30.5 utabakiwa na sentimita 26 hivi za kukatia, na hizo si haba.

Jambo zito kuliko yote ni kina cha wembe. Kwenye mkeka, wembe ukizidi kidogo unaacha alama kwenye mkeka, ukavumilika. Bila mkeka, wembe ukizidi unapita mgongo na kugusa mashine. Anzia namba 1, ambayo ndiyo ndogo, na ukate mraba mdogo wa jaribio pembeni kabla ya kazi yenyewe. Uambue. Ukitoka wote safi na pembe zake nne, umefaulu. Kisha geuza stika utazame mgongo kwa nyuma, uelekeze kwenye mwanga wa dirisha. Alama hafifu kama ya ukucha upande wa juu si neno. Ukiona mwanga unapenya, wembe umeshuka mno, upunguze. Wanachama wengi huona jaribio hili ni kupoteza wakati. Hebu wapige hesabu: mraba wa sentimita moja dhidi ya herufi nzima ya sentimita 20, ni upi uchungu kuupoteza?

Tuje kwa herufi zetu. Tunataka KISWAHILI KITUKUZWE, herufi 18, kila moja yenye urefu wa sentimita 20. Nimezipanga kwenye kompyuta, W zikiwa pana na I zikiwa nyembamba, na safu nzima yachukua karibu mita 2.5. Mkeka wetu una eneo la kukatia la sentimita 30.5 kwa 30.5, kwa hivyo tungepakia na kupakua mara tisa au kumi. Bila mkeka zaweza kwenda kwa mkupuo mmoja. Hapo kambi ya pili imeanza kushangilia, nimewasikia.

Ngojeni kwanza. Stika ndefu isiyo na mkeka huenda upande. Tuseme umeiingiza ikiwa imepinda kidogo tu, milimita 1 kwa kila sentimita 30. Kufikia mwisho wa mita 2.5 itakuwa imekwenda upande zaidi ya milimita 8, na ukingo umeanza kuponyoka rola. Wahenga walisema pole pole ndio mwendo. Nimependekeza tukate vipande vinne vya sentimita 65 hivi, ambamo mpindo uleule hauzidi milimita 2 na ushei. Tena roli isiachwe ikining'inia nyuma ya meza, maana uzito wake huivuta. Ikunjuliwe kwanza ilale legelege, na mtu mmoja akae hapo kuitazama bila kuishika.

Zipo mashine zilizoundwa makusudi zikate hivi. Cricut Joy ilitoka mwaka wa 2020, na Explore 3 na Maker 3 zikafuata mwaka wa 2021. Hizo mbili za mwisho hukata bila mkeka hadi mita 3.6, lakini kwa stika maalumu za kampuni hiyo, zilizofanywa pana kidogo kuliko kawaida ili rola zipate pa kushika. Mnaona? Hata wao hawakusema karatasi yoyote.

Vinaili ya fulana nayo yakubali. Ile hulazwa upande wake unaong'aa ukiwa chini, ikakatwa kwa nyuma, na maandishi lazima yageuzwe kama yaonekanavyo kiooni. Asiyegeuza atavaa ILIHAWSIK kifuani.

Sasa kambi ya pili wanisamehe. Manila na karatasi tupu, hapana. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 ina unene wa milimita 0.1 tu, na haina mgongo. Wembe hauna njia ila kuipenya yote, na ukishaipenya uko juu ya mashine. Manila ni nene zaidi ila shida ni ileile. Kuna wanaosema wakate mistari ya nukta nukta ili vipande visianguke. Kipande hakitaanguka, sikatai, lakini wembe bado umepita chini.

Iko njia ya katikati, nayo ni kalamu. Mashine hii hukubali kalamu mahali pa wembe. Karatasi tupu ikichorwa haitobolewi, kwa hivyo hurudi kuwa kama ile ya mwaka wa 1959, haihitaji mkeka. Chora herufi kwa kalamu kwenye manila, kisha mkate kwa makasi. Kazi ya jicho imefanywa na mashine, ya mkono mkaifanya wenyewe, na wanachama wa vidato vya chini wapo wengi wenye vidole vyepesi.

Na ile mikeka yetu miwili haijafa jinsi inavyodhaniwa. Gundi ipo, imefunikwa na vumbi la murramu na nyuzi za karatasi. Nimeuosha mmoja kwa maji ya uvuguvugu na tone moja la sabuni ya vyombo, nikiusugua taratibu kwa brashi laini, nikausimamisha ukutani ukauke kwa hewa. Usiupanguse kwa kitambaa, utaupaka nyuzi nyingine. Umerudi kunata, si kama mpya, lakini manila inakaa iwapo utaizungushia utepe wa karatasi, ule wautumiao mafundi wa rangi, kwenye pande zake nne.

Kwa hivyo pendekezo lililo mbele ya kamati ni hili: fedha za mauzo ya jarida zinunue roli ya vinaili ya bluu, herufi za tarehe 7 Julai zikatwe bila mkeka. Mkeka mpya ununuliwe mmoja, si miwili, muhula ujao, kwa ajili ya manila peke yake. Ule uliooshwa ukae kabatini ukiwa umefunikwa na ngozi yake ya plastiki, na tafadhali, aliyeichukua ngozi ile kufunikia daftari lake airudishe.