Mnataka Kombe au Mnataka Seva Salama?

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wa TEHAMA wa Unguja, wa maofisini na wa mahotelini. Walioniuliza wanunue kompyuta gani sikuwajibu, waende Darajani.

Kitengoni kwetu Vuga tuna kijana mmoja hodari mno. Tumpeleke yeye kwenye mashindano ya usalama wa mtandao, akirudi atufundishe? (Wa Kiembesamaki na Nungwi mmeuliza hilo hilo, nawajibu pamoja.)

Asiende peke yake. Atarudi na cheti, na Jumatatu nyinyi wengine mtakuwa vile vile mlivyokuwa Ijumaa. Katika mashindano ya kukamata bendera, ambayo mkutano wa wadukuzi wa DEF CON, Marekani, umekuwa ukiyaandaa tangu 1996, mwandaaji huficha “bendera”, yaani mfuatano wa herufi, ndani ya faili, tovuti mbovu au rekodi ya mawasiliano ya mtandao. Mkiupata mfuatano huo, mnauwasilisha na kuhesabiwa alama. Swali moja ni la tovuti, la pili la usimbaji, la tatu linataka msomaji mvumilivu wa logi, na mtu huyo mara nyingi ni yule bibi mkimya wa kitengo mnayempa kazi ya kubadilisha wino wa printa.

Wekeni sharti: anayelijua jibu haigusi kibodi. Amwelekeze asiyejua mpaka afike. Mkimaliza, andikeni mlichokiona, mlichojaribu na kilichogoma. Timu isiyoandika imecheza tu.

Mkuu wetu anasema kuwafundisha vijana udukuzi ni kufuga nyoka ndani ya nyumba. Kweli?

Si kweli, na maneno haya yamenichosha. Watu wamejengewa picha ya mdukuzi mwenye akili za kijini, anayekuingilia kwa kujua namba yako ya simu tu. Hebu tutazame mambo yaliyotokea. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliziangusha kompyuta za hospitali za Uingereza na za nchi nyingi nyingine. Dawa yake, sasisho la Windows, ilikuwa imetolewa Machi mwaka huo huo. Watu hawakuiweka.

Februari 2016 wezi walihamisha dola milioni 81 za Benki Kuu ya Bangladesh zilizokuwa New York. Walikuwa wameingia kwa barua pepe zilizojifanya za waomba kazi. Kisha wakainyamazisha printa iliyokuwa ikichapisha taarifa za miamala. Wafanyakazi waliiona haichapishi, wakadhani ni ubovu wa kila siku! Hapo ndipo ninapotaka mkuu wenu asimame kidogo. Mwizi hakuyahitaji mashindano yenu. Anayeyahitaji ni mfanyakazi aliyesimama mbele ya ile printa. Aliyewahi kukaa usiku mzima akitafuta mstari mmoja wa ajabu katika logi yenye maelfu ya mistari hujenga tabia ya kuuliza kwa nini kitu kimenyamaza. Semina ya siku moja yenye chai na sambusa haimpi mtu tabia hiyo.

Tovuti ya jirani yetu ina udhaifu tunaoujua. Tuifanyie mazoezi, halafu tumwambie?

Hapana. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafika mpaka Zanzibar, na kuingia katika mfumo wa mtu bila ruhusa kunaweza kukugharimu faini isiyopungua shilingi milioni 3, kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Nia njema si ruhusa. Pakueni Juice Shop ya OWASP, duka la bandia lililojengwa na mashimo makusudi. Mkishaliweka, linafanya kazi ndani ya laptopu hata bando likiisha.

Kuna mwalimu anauza kozi ya udukuzi kwa WhatsApp, wiki moja, na cheti juu.

Tapeli. Na yule anayedai atakurejeshea akaunti yako iliyoibiwa ukimtumia pesa kwanza, ni tapeli pia.

Hatuna bajeti.

picoCTF ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ni bure tangu 2013, na maswali ya miaka ya nyuma yako wazi kufanyia mazoezi. Wireshark, ya kusomea rekodi za mawasiliano ya mtandao, nayo ni bure.

Sisi ni hoteli ndogo ya Mji Mkongwe. Haya yanatuhusu?

Yanakuhusuni kuliko wizara. Tungeni mashindano yenu wenyewe. Swali la kwanza: ankara ya msambazaji imekuja kwa barua pepe na namba mpya ya akaunti, nani anapiga simu kuhakikisha, na kwa namba ipi? (Si ile iliyoandikwa ndani ya barua hiyo.) La pili: mgeni aliye kwenye Wi-Fi ya bure anaiona kompyuta ya mapokezi? La tatu: mashine imekufa, rudisheni orodha ya wageni wa kesho ndani ya saa moja kutoka kwenye nakala ya akiba. Unguja ilikaa bila umeme wa gridi kwa miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009, waya wa baharini ulipoharibika, kwa hiyo msiniambie mashine kuzimika ni hadithi. Nakala ambayo hamjawahi kuirudisha msiihesabu.

Tukishika mkia, tumwambie nini mkurugenzi?

Mpeni orodha ya maswali yaliyokushindeni, na mbele ya kila swali muandike mashine ya ofisini yenye udhaifu huo huo.