Uvimbe wa Ubongo Umetolewa: Kwa Nini Tunaambiwa Bado Kuna Matibabu?

Somo la afya kwa familia za Roseville na vitongoji vya jirani



Tuseme mtu wa nyumbani kwako amefanyiwa upasuaji wa kutoa uvimbe kwenye ubongo. Amerudi nyumbani, anakula, anawatambua watoto, anaomba chai. Jamaa na majirani wamekuja kutoa pole na kumshukuru Mungu. Wiki chache hazijapita, hospitali inapiga simu: njooni tuzungumze kuhusu mionzi. Nyumba nzima inashtuka. Si walisema wameutoa? Mbona mgonjwa ni mzima?

Swali hilo ni la haki, na ndilo somo letu. Daktari wa upasuaji hutoa kile anachokiona na kinachoweza kutolewa bila kuharibu ubongo. Kama kuna chembe zilizobaki ambazo zitaota tena, huwezi kujua kwa kumtazama mgonjwa anavyotembea. Jibu la maabara ndilo linaloonyesha hatari hiyo. Kwa hiyo msikubali wala kukataa matibabu kabla hamjalielewa jibu hilo.

1. Wiki za kwanza nyumbani

Ubongo hupona polepole. Mgonjwa anaweza kulala mchana kutwa, kusahau maneno, kukasirika upesi au kushindwa kuvumilia kelele. Huo si uvivu, wala hakurogwa. Wageni waje wachache wachache na wasikae sana.

Mara nyingi atarudi na dawa inayoitwa dexamethasone, inayopunguza uvimbe wa maji kwenye ubongo. Dawa hii humfanya mtu awe na njaa, akose usingizi, na sukari ya damu ipande. Familia nyingine wakiona hivyo huiacha. Msifanye hivyo. Mwili ukizoea dawa hii hupunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, na ukiikata ghafla mgonjwa anaweza kuzidiwa vibaya. Daktari ndiye anayeipunguza hatua kwa hatua. Ni vivyo hivyo kwa dawa ya kuzuia kifafa: msiruke hata siku moja, na ikikaribia kwisha ombeni nyingine mapema.

Pigeni 911 ikiwa mgonjwa ameshikwa na kifafa kwa mara ya kwanza au kifafa kimezidi dakika 5, ikiwa upande mmoja wa mwili umelegea ghafla, hawezi kusema, haamki vizuri, au anakosa pumzi. Pigeni simu kliniki siku hiyo hiyo mkiona homa, kidonda kutoa maji au usaha, kichwa kuuma zaidi pamoja na kutapika, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Mguu wa namna hiyo unaweza kuwa na damu iliyoganda.

Na gari? Hapa Minnesota, mtu aliyeshikwa na kifafa au kupoteza fahamu haendeshi mpaka apite miezi 3 bila kushikwa tena. Hata asiyeshikwa na kifafa asubiri ruhusa ya daktari.

2. Waambieni madaktari mlikoishi

Hili wagonjwa waliozaliwa hapa huwa hawaulizwi, lakini kwetu lina uzito. Kuna mnyoo unaoitwa Strongyloides, unaopatikana kwenye udongo na kuingia mwilini kupitia ngozi ya miguu. Unaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Mtu akipewa dexamethasone, mnyoo huo unaweza kuzaana na kusambaa mwilini hadi kuua. Baadhi ya wakimbizi walipewa dawa yake kabla ya kusafiri, lakini si wote.

Msijinunulie dawa ya minyoo. Waliotoka sehemu za Kongo zenye mnyoo mwingine unaoitwa Loa loa wanaweza kudhuriwa na ivermectin wasipopimwa kwanza. Mwambieni daktari: "Tumeishi nchi hii na kambi ile, je, mgonjwa amepimwa Strongyloides, homa ya ini ya B na kifua kikuu?" Homa ya ini ya B iliyojificha inaweza kuamka wakati wa dawa za saratani.

3. Jibu la maabara

Kipande cha uvimbe hupelekwa maabara. Jibu la kwanza huchukua siku kadhaa. Vipimo vya jeni vinaweza kuchukua wiki zaidi. Ulizeni mambo mawili: jina la uvimbe na daraja lake. Madaraja ni 1 hadi 4, na la 4 ndilo linalokua haraka zaidi.

Meningioma hutokea kwenye utando unaofunika ubongo. Nyingi ni za daraja la 1. Ikitolewa yote, mara nyingi kinachofuata ni kupigwa picha ya MRI kila baada ya muda fulani, bila mionzi.

Glioma hutokea ndani ya ubongo wenyewe. Za daraja la 2 hukua polepole, na hapo kuna njia kadhaa: kusubiri huku mkifuatilia kwa picha, au mionzi pamoja na dawa. Tangu Agosti 2024 kuna pia vidonge vya vorasidenib, vilivyoidhinishwa Marekani kwa glioma za daraja la 2 zenye badiliko la jeni linaloitwa IDH. Ndiyo maana vipimo vya jeni vinafaa kusubiriwa.

Glioblastoma ni ya daraja la 4. Ni kama magugu yenye mizizi mirefu: hata picha ikionekana safi, mizizi imeshaingia kwenye sehemu za ubongo zilizo jirani. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 573 wa Ulaya na Kanada. Waliopata mionzi peke yake, nusu yao walivuka miezi 12. Waliopata mionzi pamoja na vidonge vya temozolomide, nusu yao walivuka kidogo miezi 14 na nusu. Tofauti inaonekana ndogo. Lakini baada ya miaka 2, katika kila wagonjwa 100 wa kundi la kwanza walikuwa hai kama 10, na wa kundi la pili kama 26. Matibabu hayo hayaung'oi ugonjwa; yanaongeza muda, na kwa wengine muda huo ni mrefu. Namba hizi ni za kundi, hazitabiri siku za mtu mmoja.

4. Mionzi si hukumu ya kifo

Walioishi Uganda watakumbuka mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi ya nchi nzima, pale Mulago, ilipoharibika. Mahali ambapo mashine ni chache, wengi huifikia wakiwa wamechelewa mno, na watu wakaanza kusema kwamba anayepelekwa kwenye mionzi harudi. Mara nyingi kilichowamaliza ni ugonjwa uliokwisha kusambaa.

Hapa, kwa glioblastoma, mionzi kwa kawaida huanza wiki 3 hadi 6 baada ya upasuaji, kidonda kikishapona. Mgonjwa huenda siku 5 kwa wiki kwa wiki 6, yaani safari 30. Hutengenezewa kinyago cha plastiki cha kushikilia kichwa kisitikisike. Mionzi yenyewe haiumi, na mgonjwa akirudi nyumbani anaweza kumbeba mtoto bila kumdhuru. Anachopata ni uchovu, nywele kunyonyoka mahali palipopigwa, na kwa wengine kumbukumbu kupungua miaka ya baadaye. Temozolomide huleta kichefuchefu na kupunguza chembe za damu, hivyo damu hupimwa mara kwa mara. Inaweza pia kuharibu uzazi na kumdhuru mtoto aliye tumboni. Wanaotaka kuzaa waulize kabla ya kidonge cha kwanza.

5. Maswali ya kwenda nayo kliniki

- Uvimbe unaitwaje, na ni wa daraja la ngapi?
- Je, mmeutoa wote, au kuna sehemu mliyoiacha?
- Lengo la matibabu ni kuponya, kuongeza muda, au kupunguza maumivu?
- Tusipotibu, mnategemea nini kitatokea?
- Matibabu yatamchukulia nini: kumbukumbu, nguvu, kazi, uzazi?
- Tunaweza kusubiri kwa muda gani bila hatari?
- Akianza, je, anaweza kuacha akiona hawezi kuendelea?

Kutaka daktari wa pili aangalie picha na jibu la maabara si kumtukana daktari wa kwanza. Hapa ni jambo la kawaida. Familia za Roseville huweza kuomba kwenda hospitali ya Chuo Kikuu kule Minneapolis, au Mayo Clinic mjini Rochester, mwendo wa karibu saa moja na nusu kwa gari. Ulizeni kwanza kama bima italipa. Ulizeni pia kuhusu tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mahangaiko. Kuipokea si kukata tamaa. Huenda pamoja na matibabu.

6. Nani anaamua?

Kwetu, wazee wa familia hupokea habari mbaya na mgonjwa hufichwa ili asivunjike moyo. Hapa daktari humwambia mgonjwa mwenyewe, na uamuzi ni wake. Hamlazimiki kugombana. Kabla ya siku ya majibu, muulizeni kwa upole: "Unataka kuambiwa yote, au unataka tukupokelee?" Akichagua msikilize kwa niaba yake, hilo nalo ni haki yake, mwacheni amwambie daktari kwa kinywa chake.

Anaweza pia kuandika hati ya kumtaja mtu atakayemsemea siku akishindwa kusema. Minnesota hati hiyo inahitaji sahihi yake mbele ya mthibitishaji wa serikali au mashahidi wawili. Ni vizuri iandikwe mapema, akili ikiwa imetulia.

Mtoto asitumwe kutafsiri kwamba baba yake ana saratani. Kwa sheria ya haki za kiraia ya 1964 na sheria ya bima ya afya ya 2010, hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu lazima zitoe mkalimani bila malipo. Kama Kibembe, Kinyamulenge au Kirundi ndicho mnachokielewa vizuri zaidi kuliko Kiswahili, semeni wakati wa kupanga miadi.

7. Usafiri, kazi na bima

Safari 30 ni nyingi. Mwenye Medical Assistance anaweza kupata usafiri wa kwenda kwenye matibabu. Pigeni namba iliyo kwenye kadi ya bima kabla wiki ya kwanza haijaanza. Tangu tarehe 1 Januari 2026, sheria ya Minnesota inawapa wafanyakazi wengi likizo yenye malipo, hadi wiki 12 kwa ugonjwa wao wenyewe au hadi wiki 12 za kumtunza jamaa mgonjwa sana. Fungueni kila barua ya kaunti ya Ramsey. Bima inaweza kukatika katikati ya matibabu kwa sababu ya fomu moja isiyorudishwa, na barua hiyo ikiwashinda, ileteni ofisini kwetu tuisome pamoja.

Zoezi la nyumbani

Chukueni daftari moja. Ukurasa wa kwanza andikeni dawa zote na saa zake. Wa pili, nchi na kambi mlizoishi. Wa tatu, maswali yale saba, na chini yake nafasi ya majibu. Kisha mgonjwa mwenyewe aseme jambo moja ambalo hataki kulipoteza: kusali na wenzake, kupika, kuwaona watoto wakimaliza shule. Liandikeni juu kabisa ya ukurasa, na daktari alisikie kabla hajaanza kueleza mpango wake.