Somo la 9: Boti ya Plaiwudi na Faiba

Katika somo hili utajifunza jinsi ya kujenga nyumbani boti ndogo ya kuvulia samaki. Boti yenyewe ina urefu wa futi 15. Hujengwa kwa plaiwudi, kisha hufunikwa kwa faiba. Utajifunza pia namna ya kununua vifaa, kwa sababu watu wengi hupoteza fedha zao dukani kabla hata hawajashika msumeno. Soma taratibu. Ukikutana na neno jipya, liandike katika daftari lako.

1. Kwa nini plaiwudi na faiba?

Wazee wetu wa pwani walichonga ngalawa na mitumbwi kutoka katika gogo moja, mara nyingi la mwembe. Madau na mashua waliyajenga kwa mbao. Fundi alipigilia mbao kwenye mataruma, kisha akaziba nafasi kwa pamba iliyotiwa mafuta. Kazi hiyo huitwa kukalafati. Vyombo hivyo ni vizuri, na bado vinavua. Lakini magogo makubwa yamekuwa adimu, na mbao nzuri zina bei kubwa.

Plaiwudi ni bodi iliyotengenezwa kwa tabaka nyembamba za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Tabaka moja hulala kwa urefu, na linalofuata hulala kwa upana. Kwa hiyo bodi haipasuki kwa urahisi.

Faiba ni nyuzi za kioo. Nyuzi hizo hufumwa au hushikanishwa kama mkeka, na mafundi huuita mkeka huo mati. Mati hulowanishwa kwa rezini, yaani gundi ya majimaji inayokauka ikawa ngumu. Vikiungana, huwa ganda lisilopitisha maji.

Elewa jambo moja kabla hatujaendelea. Plaiwudi ni mwili, na faiba ni ngozi. Ngozi ikitoboka, maji huingia mwilini, na yakiingia hayatoki kwa urahisi. Boti inaweza kung'aa kwa nje huku ndani inaoza. Mvuvi hajui, mpaka siku moja akiwa mbali na pwani sakafu inalegea chini ya miguu yake. Ndiyo sababu kazi hii haitaki haraka.

2. Kununua vifaa Kariakoo

Kariakoo, katika jiji la Dar es Salaam, ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Hadi leo mizigo ndiyo kazi ya mahali hapo. Katika eneo la Gerezani na mitaa ya jirani utapata maduka ya vifaa vya ujenzi na mafundi wa kila aina. Kikundi chenu kikimtuma mtu kununua vifaa, mpeni orodha iliyoandikwa. Naye arudi na risiti.

Jihadhari na jina la bodi. Wauzaji wengi watakuonyesha bodi inayoitwa "marini bodi". Jina hilo maana yake ni bodi ya baharini. Lakini mara nyingi bodi hiyo ina ngozi laini, nyeusi au ya kahawia, na imetengenezwa kwa ajili ya kumwagia zege. Rezini haishiki juu ya ngozi hiyo. Faiba utakayoweka itabanduka kama ganda la ndizi. Wewe tafuta plaiwudi isiyo na ngozi hiyo, iliyogandishwa kwa gundi isiyoharibiwa na maji.

Utajuaje gundi ni nzuri? Fanya hivi:

(a) Tazama ukingo wa bodi. Je, una mashimo kati ya tabaka? Kama yapo, iache.
(b) Omba kipande kidogo, au nunua bodi moja kwanza.
(c) Chemsha kipande hicho katika sufuria kwa saa 4 hadi 6.
(d) Kiache kikauke. Kisha jaribu kutenganisha tabaka kwa kisu.

Tabaka zikiachana zenyewe, bodi hiyo ni ya kabati, si ya bahari. Gharama ya mkaa wa kuchemshia ni ndogo kuliko gharama ya bodi zote.

Hii ndiyo orodha ya vifaa:

– Bodi 4 za plaiwudi za unene wa milimita 9. Kila bodi ina urefu wa futi 8 na upana wa futi 4.
– Bodi 1 ya milimita 18, kwa ubao wa nyuma na fremu.
– Mbao kavu, kama mninga au mtiki, kwa mkuku, pao na kingo za juu.
– Skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Misumari ya kawaida itakula kutu na kuachia.
– Gundi ya mbao isiyoharibiwa na maji.
– Mati ya faiba ya gramu 450 kwa kila mita ya mraba, kilo 10.
– Rezini, kilo 30, pamoja na dawa yake ya kukaushia.
– Brashi, rola, msasa, asetoni ya kusafishia, glavu, miwani na barakoa ya kuzuia mvuke wa rezini.

3. Pima njia kabla ya kujenga

Nyumba nyingi za Kariakoo, Ilala na Magomeni zina uani na ukumbi mwembamba. Boti inaweza kujengwa vizuri uani, halafu ikashindwa kutoka nje. Hata ukiilaza ubavu, boti ya futi 15 haipindi kwenye kona.

Basi, kabla ya kukata ubao wowote, chukua mti wa futi 15. Katikati yake funga mti mwingine wa futi 5, uwe kama msalaba. Watu wawili waubebe kutoka uani mpaka barabarani. Ukipita, boti itapita. Usipopita, tafuta mahali pengine.

Jambo la pili ni moto. Rezini hutoa mvuke wenye harufu kali, na mvuke huo hushika moto. Uani ndipo penye jiko la mkaa, na ndipo watoto wanapocheza. Usiku wa Julai 10, 2021, Soko Kuu la Kariakoo liliungua, na wafanyabiashara wengi walipoteza mali zao. Penye msongamano, moto wa mmoja ni moto wa wote. Kwa hiyo kata na unganisha mbao uani ukipenda, lakini kazi ya faiba ifanye mahali pa wazi, penye upepo na kivuli, mbali na nyumba za watu.

4. Kujenga mwili wa boti

Kwanza, tengeneza mfano wa boti kwa karatasi ngumu. Inchi 1 ya mfano iwe futi 1 ya boti. Mfano utakuonyesha makosa yako kwa gharama ya boksi moja tu.

Pili, unganisha bodi mbili kwa urefu. Usizigonganishe tu ncha kwa ncha. Chonga kila ncha kwa mshazari, kisha zilaze moja juu ya nyingine kwa gundi. Upana wa mshazari uwe mara 8 ya unene wa bodi. Kwa bodi ya milimita 9, hesabu ni hii: 9 x 8 = milimita 72. Ukiunganisha hivi jozi mbili, jozi moja itatoa sakafu, na nyingine utaipasua katikati kupata mbavu mbili.

Tatu, simamisha fremu 3 juu ya meza au magogo, zikiwa zimepinduliwa. Nyuma weka ubao wa nyuma, utakaobeba mashine. Mbele, yaani omo, weka mti wa mbele. Funga mkuku katikati, kutoka omo hadi tezi. Kisha funga pao ndefu kwenye kona za fremu. Simama mbali kidogo, uangalie kwa jicho moja. Mstari ukipinda sasa, boti itaenda upande maisha yake yote.

Nne, funga mbavu kwa gundi na skrubu, halafu sakafu.

Tano, piga randa kona za nje mpaka ziwe za mviringo. Faiba haipendi kona kali. Huinuka na kuacha hewa chini yake.

5. Kuweka faiba

Mbao lazima iwe kavu kabisa. Usifanye kazi hii wakati wa mvua za masika au siku yenye ukungu. Piga msasa, kisha futa vumbi lote. Kazi nzuri huanza alasiri, jua likipungua. Mbao inayopata joto hutoa hewa, na hewa hiyo hufanya mapovu chini ya faiba.

Sasa fanya hesabu. Sehemu ya nje ya boti hii ni karibu mita za mraba 11. Tabaka moja la mati litakuwa:

11 x gramu 450 = gramu 4,950, yaani karibu kilo 5.

Tabaka mbili ni kilo 10. Kilo 1 ya mati hunywa kilo 2 na nusu za rezini. Basi:

10 x 2.5 = kilo 25.

Kilo 5 zilizobaki ni za mpako wa kwanza, kona na ndani ya boti.

Dawa ya kukaushia hupimwa kwa uangalifu zaidi. Soma maelezo kwenye kopo. Kama yameandikwa kwa lugha usiyoijua, mwombe muuzaji ayasome, nawe uandike daftarini kabla ya kuondoka dukani. Kwa kawaida dawa ni kati ya sehemu 1 na sehemu 2 katika sehemu 100 za rezini. Katika joto la Dar es Salaam anza na sehemu 1. Kwa kilo 1 ya rezini hiyo ni karibu mililita 10. Nunua bomba la sindano lisilo na sindano katika duka la dawa, ulitumie kupimia. Usikadirie kwa kifuniko cha chupa. Dawa ikizidi, rezini itachemka mikononi mwako. Ikipungua, itabaki inanata.

Changanya kidogo kidogo, nusu kilo kwa mara moja. Kisha:

(a) Paka rezini kwenye mbao na uiache inywe.
(b) Weka vipande vya mati kwenye kona, upana wa sentimita 15.
(c) Tandika mati kubwa juu ya rezini mbichi.
(d) Gonga kwa brashi na pitisha rola mpaka mati iwe kama kioo. Doa jeupe ni hewa. Liondoe kabla halijakauka.
(e) Weka tabaka la pili.

Mwisho geuza boti. Funga benchi na kingo za juu. Ndani paka rezini mara mbili, hasa kwenye kingo za bodi zilizokatwa, kwa kuwa hapo ndipo mbao hunywa maji zaidi. Halafu paka rangi.

6. Hatari za kazi hii

Dawa ya kukaushia inaweza kupofusha. Vaa miwani kila unapoimimina. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali mara moja. Usingoje maumivu yapungue.

Rezini nyingine huuzwa pamoja na dawa ya tatu, ya rangi ya zambarau. Dawa hiyo isikutane kamwe na dawa ya kukaushia peke yake, kwani huweza kulipuka. Changanya ya zambarau na rezini kwanza, ukoroge vizuri. Ndipo utie ya kukaushia.

Rezini iliyobaki katika kopo huwa moto sana. Imwage juu ya mchanga, itandazike. Wala usiweke dawa hizi katika chupa za soda. Mtoto hawezi kujua.

7. Maboya na majaribio

Mbao huelea, lakini mashine na faiba huzama. Kwa hiyo funga madumu matupu, yenye vifuniko vinavyobana, chini ya benchi. Dumu la lita 20 huinua karibu kilo 20. Madumu 8 yatainua: 8 x 20 = kilo 160. Usitumie boya jeupe jepesi mahali penye rezini mbichi. Rezini huliyeyusha.

Shusha boti majini kwa mara ya kwanza penye kina kifupi. Ijaze maji kwa makusudi. Ikiendelea kuelea, umefaulu. Kila wiki ikague. Ukiona mkwaruzo uliofika kwenye mbao, kausha, piga msasa na uzibe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

8. Sheria

Kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, chombo cha uvuvi lazima kisajiliwe, na mvuvi lazima awe na leseni. Mwone afisa uvuvi wa halmashauri yako kabla ya kwenda baharini. Shirika la TASAC, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017, husimamia usalama wa vyombo vya majini. Kumbuka pia jaketi la kuokolea kwa kila mtu aliye ndani ya boti. Anayetaka kujifunza zaidi anaweza kuuliza habari za mafunzo katika chuo cha uvuvi cha Mbegani, Bagamoyo.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini "marini bodi" yenye ngozi laini haifai kufunikwa kwa faiba?
2. Boti inang'aa kwa nje. Je, hiyo inatosha kujua kuwa ni nzima? Eleza.
3. Katika kijiji au mtaa wako, ni mahali gani panafaa kwa kazi ya faiba? Kwa nini?
4. Linganisha gharama za boti hii na za ngalawa kwenu. Ipi inafaa kikundi chenu?

Hesabu

1. Bodi ina unene wa milimita 12. Mshazari wake uwe milimita ngapi?
2. Una rezini nusu kilo. Utatia mililita ngapi za dawa ya kukaushia, kwa kipimo cha sehemu 1?
3. Mashine, nanga na nyavu vina uzito wa kilo 100. Unahitaji angalau madumu mangapi ya lita 20?

Kazi ya kuandika

Andika katika daftari lako orodha ya vifaa utakavyonunua, kiasi chake, na bei uliyoulizia katika maduka matatu tofauti. Isome mbele ya darasa.