Kukimbia kwa Shabib bin Bajra

Wengi wetu tukitaja kuuawa kwa Sayyidna Ali bin Abi Talib (R.A.) hutaja jina la mtu mmoja tu, naye ni Abdurrahman bin Muljam. Lakini waliomvizia alfajiri ile katika msikiti wa Al-Kufa walikuwa watatu, na khabari ya wale wawili wengine ina mazingatio makubwa. Tutaieleza kama walivyoipokea wanazuoni wa tarikhi, akiwamo Imam Attabari.

Baada ya vita vya Nahrawan, mwaka wa 38 Hijria (658), Makhawariji watatu walikutana Makka wakawakumbuka wenzao waliouawa. Wakaapiana kuwaua viongozi watatu siku moja, katika Ramadhani ya mwaka wa 40 (661): Sayyidna Ali katika Al-Kufa, Muawiya katika Sham, na Amr bin Al-As katika Misri. Muawiya alijeruhiwa akapona. Amr alikuwa mgonjwa, akauawa Kharija bin Hudhafa aliyetoka kusalisha mahali pake.

Ibn Muljam alipofika Al-Kufa alimposa mwanamke aitwaye Qatam, ambaye baba yake na ndugu yake waliuawa Nahrawan. Mahari aliyoyataka yalikuwa dirhamu 3,000, mtumwa, kijakazi mwimbaji, na kuuawa kwa Ali. Akampatia msaidizi katika watu wa kabila lake, jina lake Wardan. Naye Ibn Muljam akamwendea Shabib bin Bajra, wa kabila la Ashja. Kwanza Shabib alishituka, akamkumbusha utangulizi wa Ali katika Uislamu na taabu alizozipata kwa ajili ya dini. Ibn Muljam akamjibu kwa neno la kisasi, kwamba Ali amewaua ndugu zao wachaji. Basi Shabib akakubali.

Sayyidna Ali alipotoka kwa sala ya alfajiri, Shabib alimpiga upanga, ukakita mlangoni. Ibn Muljam akampiga kichwani, na kwa jeraha hilo akafa. Ibn Muljam alikamatwa pale pale. Wardan alikimbilia nyumbani kwake, akaingiliwa na mtu wa ukoo wake, akaulizwa, akasema aliyoyafanya. Yule mtu akatoka, akarudi na upanga, akamuua.

Amma Shabib, yeye alikimbia gizani kuelekea milango ya Kinda, na watu nyuma yake wakipiga kelele. Mtu mmoja wa Hadhramaut akamdiriki, akamnyang'anya upanga, akamwangusha na kumkalia. Mara akaona umati unamjia mbio, na upanga wa Shabib umo mkononi mwake mwenyewe. Akachelea asije akadhaniwa kuwa ndiye muuaji, akamwachia. Shabib akaingia katika umati ule ule uliokuwa ukimtafuta, akapotea.

Ndugu zetu, tutazame mambo matatu.

La kwanza, Shabib alikuwa akiijua haki, na ulimi wake uliitamka. Kilichomtoa katika haki si ujinga, bali ni kisasi kilichovishwa nguo ya dini. Kijana akiitwa kwa jina la dini amwage damu, na moyo wake ukashituka, basi ashike mshituko ule, awaendee wenye elimu kabla hajaitikia.

La pili, yule Mhadhrami alitenda wema, lakini aliogopa hasira za watu wasiouliza. Umati wa namna hiyo humtisha mwema na humficha mwovu. Nasi katika miji yetu husikia mtu akipigiwa ukelele wa mwizi, akauawa njiani kabla ya kuulizwa jina lake. Wanaompiga hudhani wanasimamisha haki, kumbe huenda mwizi mwenyewe amesimama kati yao akipiga pamoja nao. Atakayemwona mtu amekamatwa na amzuie, wala asimdhuru, mpaka afikishwe kwa wenye kuhukumu.

La tatu, Sayyidna Ali, naye yu katika maumivu ya mauti, aliwausia jamaa zake wasiingie katika damu za Waislamu kwa sababu yake. Asiuawe ila aliyemuua, wala asikatwe viungo. Hakulilaumu kabila la Ibn Muljam wala watu wa mtaa wake. Huo ndio uadilifu: kila nafsi huchukua mzigo wake.

Na Shabib je? Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Imepokewa kuwa baadaye alimwendea Muawiya akijisifu kwa aliyoyafanya ili apate kukaribishwa. Muawiya akaingiwa na khofu, akawaagiza watu wa Ashja wamtoe mjini. Kisha Shabib akafanya uasi, akauawa karibu na Al-Kufa wakati wa uliwali wa Al-Mughira bin Shuuba. Aliponyoka mikononi mwa mtu mmoja gizani. Lakini mbele ya Mwenyezi Mungu hakuna giza wala umati wa kujificha.

Mwenyezi Mungu atuepushe na damu za watu, na azihifadhi nyoyo za vijana wetu. Amin.