Kiu na Mzigo: Somo juu ya Njia ya Buddha na Heri ya Mtu



Watu wa Chemchem, mjini Tabora, hawahitaji kufundishwa maana ya mzigo. Mji wao ulikua katika njia ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji. Mwaka 1857 Burton na Speke walifika Kaze, karibu na Tabora ya leo, siku ya 134 tangu kuondoka pwani. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, nguo, shanga na pembe za ndovu zilichukuliwa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Watumwa nao walipita njia ile ile. Wengi husema kwamba jina la Bagamoyo latokana na kubwaga moyo.

Katika somo hili twataka kumtazama mwalimu mmoja wa kale wa Asia, aliyefundisha habari za mzigo wa moyo. Siku hizi habari zake zimewafikia vijana wetu, nao huuliza: Je, njia yake yaweza kumpa mtu heri? Mwalimu wa usharika asiyeijua njia hiyo atajibu kwa hasira au kwa kicheko, wala hilo wala hili halimfai mwenye kuuliza.

1. Buddha alikuwa nani?

Jina lake lilikuwa Siddhartha Gautama. Alizaliwa Lumbini, katika nchi iitwayo leo Nepal, yapata karne tano kabla ya Kristo. Baba yake alikuwa mkuu wa Washakya; sisi tungemwita mtemi. Yasimuliwa kwamba alilelewa kwa anasa, hata siku moja alipoona mzee, na mgonjwa, na maiti, moyo wake ukafadhaika. Akiwa na miaka 29 aliacha nyumba yake, na mkewe, na mtoto wake mchanga, akaenda kutafuta njia ya kuishinda taabu. Miaka sita alijitesa kwa kufunga, asione faida. Basi akaacha anasa, akaacha na mateso pia, akaketi kutafakari chini ya mti, mahali paitwapo leo Bodh Gaya, katika Bara Hindi. Wafuasi wake husema kwamba hapo aliamka kama mtu aamkavyo usingizini, na hiyo ndiyo maana ya jina Buddha. Alifundisha miaka 45, akafa mwenye miaka 80.

2. Alifundisha nini?

Mafundisho yake yana misingi minne. Kwanza, maisha ya mtu yana taabu, wala hakuna kitu cha dunia kimtoshelezacho daima. Pili, taabu hiyo ina chanzo chake, ndicho tamaa. Na neno alilolitumia, asili yake ni kiu. Tatu, kiu hiyo yaweza kukoma. Nne, iko njia ya kuikomesha, yenye sehemu nane: kuona sawasawa, kukusudia, kunena, kutenda, kupata riziki, kujitahidi, kuwa macho moyoni, na kutuliza fikira, yote sawasawa.

Katika maandiko yao limo fundisho juu ya mzigo na mchukuzi wake. Mzigo ni mwili huu pamoja na fikira na hisia zake. Tamaa ndiyo imfanyayo mtu kuutwika. Na tamaa ikiisha, mzigo umetuliwa.

Tena, juu ya riziki, wafuasi wake walikatazwa biashara tano: ya silaha, ya watu, ya nyama, ya vileo na ya sumu. Sisi tukaao juu ya njia iliyopitisha watumwa, twaweza kulisikia neno hilo bila kutikisika?

3. Njia hii ilifikaje kwetu?

Mwanzoni mwa karne ya 20, Wasinhala kutoka Ceylon, kisiwa kiitwacho leo Sri Lanka, walifika Dar es Salaam kufanya kazi. Waliunda chama chao, wakajenga hekalu lihesabiwalo kuwa miongoni mwa ya kwanza katika Afrika. Huko Uganda, mwaka 2005, mtawa Buddharakkhita, mwenyeji wa nchi hiyo, alianzisha kituo cha Kibuddha karibu na Entebbe. Basi asiseme mtu kwamba hayo ni mambo ya mbali.

4. Tuyapime

Yako mambo tukubalianayo. Twajua ya kuwa mali haishibishi moyo. Twajua ya kuwa ulimi na mikono na kazi ya mtu haviachani na imani yake. Martin Luther naye, aliyeingia utawani Erfurt mwaka 1505, alijichosha kwa kufunga na kukesha, asipate amani. Hao wawili waliacha kujitesa, lakini walitokea milango miwili.

Maana hapa ndipo njia zinapoachana. Katika shina la kale lifuatwalo Sri Lanka, Buddha ni kama kirangozi wa msafara: huijua njia, huwatangulia watu, lakini mzigo wa mpagazi huuchukui yeye. Kila mtu hujikomboa kwa juhudi yake, wala njia yenyewe haitegemei Mungu aliyeumba. Luther aliona kwamba nguvu zake hazikutosha, akapokea kwa imani neema asiyoifanyia kazi. Injili yatuambia habari za Bwana awaitaye waliolemewa, apate kuwapumzisha. Hata kiu yenyewe, sisi hatusemi kwamba yote ni adui. Iko kiu iliyopewa mtu ili atafute chemchemi.

Walakini na tujihoji. Ikiwa mtu aliyefiwa aja kanisani na kutoka vivyo hivyo, asisikilizwe na mtu, twastaajabuje akienda kutafuta utulivu penginepo? Mpagazi aliyechoka hahitaji kwanza mabishano juu ya njia. Ahitaji mtu wa kumshika mkono atue. Tena amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo, naye Mbuddha ni jirani. Tusiseme kwamba aabudu mti au sanamu kabla ya kumwuliza yeye mwenyewe afanyalo.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Ni kiu gani iliyo moyoni mwetu, ambayo mali haikuituliza?
2. Riziki yetu yampatia mwingine mzigo gani?
3. Kijana akituambia, "Nimepata utulivu kwa kuketi kimya," tutamwuliza nini kabla ya kumjibu?
4. Katika usharika wetu, nani amelemewa mwezi huu, na nani atakwenda kwake?