MKEBE ULITANGULIA, KIFUNGUO KIKAFUATA

Kifunguo cha mikebe cha zamani ni chuma kifupi chenye mpini wa mti. Kina ncha ya kutobolea bati, na ubapa mkali wa kukatia. Ajabu ni kwamba mikebe ya vyakula ilitumika kwa miaka zaidi ya 40 kabla kifaa hicho hakijabuniwa.

Asili ya habari hii ni Ufaransa. Nicolas Appert, fundi wa vyakula vitamu, alitia nyama, mboga na matunda katika chupa, akaziziba barabara, kisha akazitokosa ndani ya maji. Vyakula havikuoza. Mwaka 1810 serikali ilimpa faranga 12,000, kwa sharti kwamba aitangaze siri yake katika kitabu. Mwaka huo huo, huko Uingereza, Peter Durand alipata hati ya kutumia vyombo vya bati, ambavyo havivunjiki kama chupa. Kufika mwaka 1813 kiwanda cha Bryan Donkin na wenzake, mjini London, kilikuwa kikitengeneza nyama ya mikebe kwa ajili ya mabaharia na askari.

Lakini mikebe hiyo ilikuwa minene na mizito. Mmoja, uliochukuliwa na merikebu za William Parry mwaka 1824 kwenda bahari ya barafu, uliandikwa kwamba ukatwe kwa tindo na nyundo. Bati lilipofanywa jembamba, ndipo vifunguo vilipotokea: cha Robert Yeates wa Uingereza mwaka 1855, na cha Ezra Warner wa Marekani mwaka 1858. Mwaka 1870 William Lyman, pia wa Marekani, alibuni chenye gurudumu la kukatia.

Appert mwenyewe hakujua kwa nini chakula chake hakikuoza. Sababu ilielezwa baadaye na Louis Pasteur: uozo huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Moto huviua, na mkebe uliozibwa huzuia vingine visiingie.

Kwa hiyo mkebe uliovimba au unaovuja ni onyo. Huenda vimo vijidudu viishivyo pasipo hewa, na sumu yake yaweza kumwua mtu hata kama chakula hakinuki. Chakula cha mkebe wa namna hiyo kisiliwe, kisionjwe, wala wasipewe mbwa au kuku. Na kifunguo nacho kioshwe kila kitumikapo, kwa maana uchafu wa ncha yake huingia chakulani. Hasara ya mkebe mmoja ni ndogo. Uhai hauuzwi dukani.