Rejeta imepasuka: kuziba au kubadili?

Swali: Tangi la juu la rejeta lina ufa mwembamba, maji yanavuja. Fundi hapa Kalenga anataka kuziba kwa gundi. Nikubali?

Jibu: Kama tangi ni la plastiki, usikubali. Injini ikichemka, maji hufika nyuzi 90 na zaidi, presha inapanda, gundi inaachia. Pengine katikati ya mlima Kitonga, gari likiwa na mzigo. Badilisha rejeta. Ile ya zamani ya shaba ni habari nyingine: fundi mzuri huilehemu ikadumu miaka. Ukinunua iliyotumika, ijazwe upepo na kuzamishwa majini kabla hujalipa. Mapovu yakitoka, iache. Na tafadhali, usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto. Mvuke unababua uso.